Ukuta Usiofika Dari

Skuli yetu, hapa Mtambwe, ukuta wa kati
baina ya Sita A na Sita B haufiki dari.
Fundi aliishiwa na matofali,
au pesa, au haya; hakuna anayekumbuka.
Kwa hiyo mwaka mzima nimesomesha
na zogo la Mwalimu Raya likinimwagikia kichwani.

Darasa langu mimi lilikuwa kimya.
Miaka ishirini na sita ya kimya,
ubao safu tatu, tarehe juu kulia,
bakora imeegemea pembeni kama mwalimu msaidizi.
"Pishi ni vibaba vingapi?"
"Vinne!" Mara moja, sauti moja,
kisha nzi tu.

Raya Shaame alikuja na vibaba vyenyewe.
Alikuja na ndoo ya mchanga, na vifuu,
na mizani ya kuazima kwa muuza dagaa,
akawageuza watoto watazamane nyuso
badala ya visogo.
Nilimsikia akiuliza, kisha (hili ndilo lililoniudhi)
asijibu.
"Nyinyi mwaonaje?"
Nikasema chumba cha walimu: huyu hajitayarishi.
Nikasema: mkaguzi akija tutaumbuka sote.
Mkaguzi akaja kutoka Wete, akakaa kule saa mbili,
akatoka na mchanga magotini
akasahau kulitia sahihi daftari langu.

Ukafika msimu wa karafuu.
Nina mikarafuu kumi na mitano bondeni, ya urithi.
Wachumaji nawalipa kwa pishi,
na pishi yangu ni kopo la rangi
nililorithi pamoja na miti.
Sikuwahi kulihoji. Cha marehemu hakihojiwi.

Jumamosi jioni akaja Time, binti Khatib Mbarouk,
wa Sita A, vidole vinanuka makonyo,
kuchukua ujira wake na wa mama yake.
Makopo kumi. Nikahesabu pesa za pishi kumi.
Hakuzipokea.
Akatoa kibaba ndani ya mkoba wa skuli.
"Mwalimu, naomba tupime."

Kimoja. Viwili. Alisawazisha juu kwa rula,
hana haraka, hana hasira.
Vitatu. Vinne.
Kopo halijajaa.
Barazani, aliyekuwa akichambua akaacha kuchambua.
Cha tano akakimimina polepole; nusu ikaingia,
nusu ikabaki.
Akakiinua nikione.

Hakusema mwizi. Lingenisaidia neno hilo,
ningepata la kumfokea.
Aliokota kijiti akaandika chini, kando ya jamvi:
vinne na nusu mara kumi, arubaini na tano,
gawa kwa nne.
Kisha akaniuliza, kwa maneno ninayoyajua
kutoka juu ya ukuta:
"Mwalimu, wewe waonaje?"

Pishi kumi na moja na robo.
Robo nimeifundisha tangu mama yake alipokuwa kwangu darasani.
Nimechapa watu kwa ajili ya robo.
Sikuwahi kuiona imekaa chini,
ina harufu, inadai.

Nililipa. Sitasema nililipa kwa moyo mkunjufu.
Usiku nikaanza kuwahesabu wachumaji wa misimu iliyopita,
nikafika mahali nikaacha,
wala si kwa kuwa hesabu ilikwisha.

Jumatatu nikaenda skuli na kopo.
Nikaliweka mezani, Sita B,
nikauliza linachukua vibaba vingapi.
"Vinne!" Sauti moja, kama nilivyowafunza.
Sikusema ndiyo. Sikusema siyo.
Nikaweka kibaba, nikaweka ndoo ya mchanga,
nikarudi kinyumenyume
hadi mgongo ukagusa ukuta.

Wakanitazama. Waliingoja kauli yangu
kama mtu aliyekwisha kunyoosha kiganja.
Muda ukapita, mrefu.
Kisha Nassor Kombo, wa deski la mwisho,
ambaye hata sauti yake siijui,
akainuka, akaja, akachota.

Upande wa pili, Sita A walikuwa wamenyamaza.
Wanatusikiliza.